Kukatiza, Kukatika, Kukatishwa: Neno la Dawa Iliyosimama Njiani

Kukatiza matibabu ni istilahi ya kitabibu inayomhusu mgonjwa aliyeanza dawa za muda mrefu, kisha akakaa bila kuzimeza kupita kipimo kilichowekwa. Kwa kifua kikuu kipimo hicho ni miezi 2 mfululizo. Kwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, miradi inayofadhiliwa na mpango wa Marekani wa PEPFAR huhesabu siku 28 tangu tarehe ambayo mgonjwa alipaswa kuonekana kituoni au dawa yake kwisha. Maana ni fupi, ila majina ni mengi. Katika vituo vya afya vinavyohudumia Birere, eneo la masoko na nyumba za mbao lililobanana kati ya katikati ya mji wa Goma na mpaka wa Rwanda, daftari huandikwa kwa Kifaransa: interruption, abandon, perdu de vue. Miongozo iliyozaa maneno hayo mara nyingi iliandikwa kwanza kwa Kiingereza. Mgonjwa mwenyewe hueleza yaliyompata kwa Kiswahili, akisema dawa ilikatika. Mtu akisikia haraka atadhani yote ni neno moja katika lugha tatu. Sivyo. Kila jina lina ukoo wake, na kila jina humtaja mkosaji tofauti.

Tuanze na interruption, ambalo Kifaransa na Kiingereza vinalo kwa sura moja. Asili yake ni Kilatini: inter, yaani kati, na rumpere, kuvunja. Aliyefanya interrumpere alivunja kitu katikati, kiwe hotuba, safari au usingizi. Katika tiba neno hili halikuishia kwenye dawa. Wataalamu wa milipuko huzungumzia kukatiza maambukizi pale mnyororo wa ugonjwa unapovunjwa kabla haujafika kwa mtu mwingine, na hapo neno ni la ushindi. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 17 Januari 1975 ililichagua lisimame mahali pa neno zito la kutoa mimba, na tangu hapo Mfaransa akisikia interruption hospitalini mara nyingi huwaza ujauzito kwanza. Goma nako maana hiyo ipo, hasa tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipochapisha Itifaki ya Maputo, inayoruhusu kutoa mimba katika hali fulani, katika gazeti lake rasmi mwaka 2018. Lakini kwa muuguzi wa Birere anayefungua daftari la kifua kikuu asubuhi, neno hili ni la vidonge.

Rumpere ilizaa mtoto mwingine anayejulikana zaidi mtaani: rupture. Kongo nzima, dawa ikiisha stoo, husemwa kuna rupture, na hata asiyejua Kifaransa hulielewa akiwa dirishani mwa famasi. Kwa hiyo maneno mawili ya kituo kimoja, yaliyotoka katika tumbo moja la Kilatini, huandikwa katika karatasi mbili tofauti. La kwanza huenda kwenye kadi ya mgonjwa, la pili kwenye fishi ya stoo. Karatasi hizo hazikai pamoja. Mgonjwa aliyekuja Jumatatu akaambiwa dawa haijafika, akaja Alhamisi akaambiwa vilevile, kisha nauli ikamwishia, kadi yake itaonyesha visanduku vitupu, na mwezi wa tatu ataandikwa kwa neno la kuvunja. Aliyesoma kadi peke yake hataona kwamba uvunjaji ulianzia rafuni.

Kadi yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu. Ni karatasi ngumu iliyokunjwa, yenye jina, umri, uzito na mahali pa kukaa. Ndani kuna jedwali: miezi imepangwa kwenda chini, siku 1 hadi 31 kwenda kando, na kila siku ina kisanduku chake kidogo. Kidonge kikimezwa mbele ya muuguzi, kisanduku huwekwa alama. Vidonge vya miezi 2 ya kwanza huunganisha dawa 4 katika kimoja, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, na hufungwa katika karatasi ya vidonge 28. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 55 hadi 70 humeza 4 kwa siku, kwa hiyo karatasi moja ni wiki moja kamili. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na wagonjwa wengi hujihesabia kwa rangi hiyo: ikififia, siku ya dawa imepita. Baada ya miezi 2 hiyo hufuata miezi 4 ya dawa 2 tu, rifampisini na isoniazidi. Visanduku vya miezi hiyo 4 ndivyo hubaki wazi zaidi, kwa sababu inayoeleweka na kila aliyeugua: kikohozi kimekwisha, uzito umerudi, na kazi inaita.

Miezi 6 hiyo ina historia ya Afrika Mashariki ndani yake. Streptomisini ilipotangazwa mwaka 1944, na isoniazidi ilipoanza kutumika mwaka 1952, tiba ilichukua mwaka na nusu na zaidi. Jaribio lililoonyesha kwamba miezi 6 inaweza kutosha, lililochapishwa mwaka 1972, lilifanywa na Mabaraza ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza kwa wagonjwa wa ukanda huu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Karel Styblo, akishirikiana na Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Tanzania, aliweka utaratibu wa kuwafuata wagonjwa kwa makundi. Kila aliyeandikwa katika robo moja ya mwaka sharti ajulikane mwisho wake: amepona, amemaliza dawa, tiba imeshindwa, amefariki, amehamishiwa kwingine, au ameacha. Jumla ya safu zote lazima ilingane na idadi ya walioandikwa mwanzo. Utaratibu huo ulisambazwa duniani na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 kwa jina la DOTS, na ndio uliofikisha safu ya walioacha katika kila daftari la kifua kikuu, Goma ikiwemo. Styblo alitaka mgonjwa asipotee kimyakimya, na kwa hilo anastahili heshima kubwa. Matatizo yalianzia kwenye jina la safu.

Kwa Kiingereza safu hiyo iliitwa default, na mgonjwa wake defaulter. Neno hilo lilipita katika Kifaransa cha kale, defaute, na shina lake la Kilatini ni fallere, kudanganya au kuangusha matumaini. Kabla ya kufika hospitalini lilikaa mahakamani na benki. Aliyeitwa na hakimu asitokee alikuwa katika default, na aliyekopa asilipe vilevile, na huyo wa pili bado anaitwa hivyo leo. Kwa hiyo mgonjwa aliyepewa jina hili alihesabiwa mdaiwa: amepewa dawa, hakulipa kwa utii. Ufasili uliokuwa chini ya jina hilo ulisema jambo jingine kabisa. Uliandika kwamba huyu ni mgonjwa ambaye matibabu yake yalikatizwa kwa miezi 2 mfululizo au zaidi. Yalikatizwa, kwa kauli ya kutendwa, bila kusema nani alikatiza. Jina lilimhukumu mtu ambaye ufasili haukumtaja.

Kifaransa kilichotumika Kongo hakikuwa na huruma zaidi. Abandon humaanisha kutelekeza, na ndilo neno la mama aliyemwacha mtoto mlangoni au mume aliyetelekeza nyumba. Ukoo wake ni wa zama za kati: katika Kifaransa cha kale, kitu kilichowekwa a bandon kilikuwa kimeachwa chini ya mamlaka ya mtu mwingine, bandon ikitokana na shina la Kijerumani la amri na mamlaka. Maana ya kusalimisha ilisogea polepole ikawa ya kutupa. Kuna jambo la kusikitisha katika safari hiyo. Maana ya zamani, kuachwa chini ya nguvu ya mwingine, ingewafaa wagonjwa wengi wa Goma kuliko maana ya sasa.

Kiswahili cha huduma za afya nacho kilitafuta neno, na Tanzania likazoeleka mtoro. Magazeti na mikutano ya afya huzungumzia watoro wa dawa, na WAVIU watoro, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao hawaonekani tena kliniki. Msikilizaji wa leo humkumbuka mwanafunzi aliyeruka ukuta wa shule. Lakini neno hili lina uzito mkubwa kuliko huo. Katika karne ya 19, pwani ya Waswahili, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro walijenga makazi yao nyuma ya Malindi, mahali palipoitwa Fuladoyo, na wengine walipata hifadhi Witu. Kwa mwenye shamba la nazi au karafuu, mtoro alikuwa mali iliyopotea. Kwa mtoro mwenyewe, kutoroka kulikuwa njia ya kuokoa maisha. Neno likavuka kutoka shambani hadi shuleni, kisha kliniki, na kila lilipopita lilidumisha dhana moja: kuna mwenye mamlaka, na kuna anayemkwepa. Kumwita mgonjwa mtoro ni kusema kwamba mwili wake ni wa kituo cha afya. Hakuna muuguzi anayekusudia hivyo, na ndiyo sababu inafaa kulieleza neno hili mpaka kwenye shina lake.

Malalamiko kuhusu lugha hiyo yalikua ndani ya taaluma yenyewe, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa ufasili mpya wa kifua kikuu ambao uliondoa neno default. Mahali pake pakawekwa, kwa Kifaransa, perdu de vue: aliyepotea machoni. Muda ulibaki uleule, miezi 2. Neno hili limetoka kwa watafiti wanaofuatilia kundi la watu kwa miaka, ambao hulazimika kusema ni wangapi hawajulikani waliko tena. Halimhukumu mtu. Linakiri tu kwamba mtazamaji haoni. Na hapo ndipo lina ukweli wake na kasoro yake kwa pamoja, kwa sababu swali linalofuata ni lazima liwe: aliyepotea ni nani, na macho yalikuwa ya nani?

Birere hulijibu swali hilo vizuri kuliko maabara yoyote. Sehemu kubwa ya eneo hili ni nyumba za mbao na mabati zilizosimama juu ya lava nyeusi, zikitenganishwa na vichochoro ambavyo chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukumwa, hupita kwa shida ikiwa na mzigo. Namba za nyumba hazisaidii. Anayetaka kumfikia mtu huulizia jina la avenyu, kisha bomba la maji, kisha duka la nani, kisha mama fulani. Mahali pa kukaa palipoandikwa kwenye kadi ya mgonjwa ni maelezo ya namna hiyo, yaliyofupishwa ili yatoshe kwenye mstari mmoja. Moto ukizuka, na Birere inaijua mioto kwa kuwa mbao hugusana na mbao, nyumba kadhaa huondoka pamoja na duka lililokuwa alama. Mhudumu wa jamii aliyetumwa kumtafuta mgonjwa hufika na karatasi yenye anwani ya mahali ambapo hapapo. Mgonjwa yuko hai, pengine amehamia kwa dada yake Majengo au Ndosho, na anajua vizuri kituo kilipo. Kilichopotea machoni ni nyumba.

Mpaka huongeza fumbo lake. Petite Barrière, kizuizi kidogo kinachotenganisha Birere na mji wa Gisenyi wa Rwanda, ni miongoni mwa vivuko vyenye pilikapilika nyingi zaidi barani, na katika siku za kawaida makumi ya maelfu ya watu hupita kwa miguu. Wengi ni wanawake wachuuzi, wenye jetoni ya kuvukia mkononi na mboga, unga au vitenge mgongoni, ambao lazima wavuke mapema ili wauze mapema. Saa ya kuvuka ndiyo saa ya kliniki. Mwenye kuchagua dawa siku hiyo amechagua kutouza, na asiyeuza hali, na dawa hizi bila chakula humchefua mtu mpaka aziogope. Wengine hupata dawa ng'ambo, kwa kuwa Rubavu, wilaya ya Gisenyi, nako kuna vituo na ndugu. Mgonjwa wa namna hiyo humeza kila siku bila kukosa, na Goma ameandikwa amepotea. Wataalamu huita hali hii uhamisho wa kimya. Katika mji wa mpakani, safu ya waliopotea daima ina watu ambao hawajapotea.

Hapa ndipo Kiswahili cha mgonjwa kinapostahili kusikilizwa kama chombo cha maarifa. Kitenzi ni kata. Kwa kubadili mwisho wake, lugha hujenga watu na visa tofauti. Anayekata dawa, au anayeikatiza, ametenda mwenyewe: ameamua, labda kwa sababu amechoka, labda kwa sababu mchungaji amemwambia amepona kwa maombi. Aliyekatishwa dawa ametendwa, na kauli hiyo hubeba nafasi ya mtendaji: alikatishwa na mume, na vita, na rupture. Halafu kuna dawa iliyokatika. Kauli ya kutendeka haipokei mtendaji kabisa. Mtu husema umeme umekatika, maji yamekatika, kamba imekatika, na hakuna anayeweza kuongeza baada yake "na fulani" bila kuivunja sarufi. Ni kauli ya mambo yanayotokea kwa mtu ambaye hakuwa na mkono ndani yake, na mkazi wa Goma huitumia kila siku kwa huduma zote zinazomfikia kwa waya na kwa bomba.

Kiswahili cha Goma kina ziada yake, silabi -ka inayofuata kitenzi na kukitia katika wakati uliopita au mazoea. Mtu atasema nilikosaka dawa, au niliachaka dawa, na masikio ya mwenyeji hutambua mara moja umbali kati ya kauli hizo mbili. Wa kwanza alitafuta asipate, wa pili alipata asitake. Muuguzi wa Birere husikia tofauti hiyo wazi, kisha hugeukia daftari ambalo lina safu moja. Maarifa yaliyokuwa ndani ya sentensi yanamwagika katika kipande kile kifupi cha njia, kutoka kinywani hadi kalamuni. Mpangilio huohuo upo katika mambo ya ujauzito, ambako Kiswahili husema ametoa mimba kwa aliyetenda na mimba imetoka kwa aliyepatwa, ilhali avortement ya Kifaransa huhitaji kivumishi cha pili ili ifafanue ni ipi.

Tofauti hii ina matokeo ya tiba, maana dawa ya aliyekatiza si dawa ya aliyekatikiwa. Aliyeacha kwa sababu mkojo wa rangi ya chungwa ulimtia hofu anahitaji maelezo ya dakika chache. Aliyezuiwa na mume asiyejua kwamba mkewe ana virusi anahitaji mahali pa kuwekea vidonge pasipoonekana. Aliyekatikiwa na stoo hahitaji ushauri wowote, anahitaji vidonge, na kumkalisha chini afundishwe umuhimu wa kufuata dawa ni kumdhalilisha. Safu moja huwapeleka wote watatu kwenye benchi moja la mawaidha.

Katika historia ya mji, dawa imewakatikia wakazi wake mara nyingi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo iliteremka katikati ya Goma, ikaugawa mji pande mbili, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kuingia ziwani Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka wakiwa na walichoshika mkononi. Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia mjini na kukaa hadi tarehe 1 Desemba. Ebola ilipofika Goma mwezi Julai 2019, mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa tarehe 1 Agosti, na miezi michache baadaye, Machi 2020, ulifungwa tena kwa sababu ya UVIKO-19, safari hii kwa muda mrefu. Mgonjwa wa Birere aliyekuwa akichukua dawa Rubavu alijikuta akiitazama kliniki yake ng'ambo ya kizuizi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku 5 baadaye gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 ihamwe, mitaa ya Birere kama Mapendo na Mikeno ikiwemo. Watu walielekea Sake, Gisenyi na Bukavu. Hakuna aliyekatiza chochote siku hiyo. Waliamriwa kuondoka, wakaondoka.

Januari 2025 mikato miwili ilikutana. Tarehe 20 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 24 miradi iliyokuwa ikiendelea iliamriwa kusitisha kazi, ikiwemo iliyosaidia huduma za UKIMWI na kifua kikuu Kongo. Ruhusa ya kuendelea na huduma za kuokoa maisha ilitolewa siku chache baadaye, lakini mji wa Goma ulikuwa tayari umetekwa na M23, tarehe 27. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango, maghala ya misaada yakaporwa, hospitali zikajaa majeruhi. Kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji, Kanyaruchinya ikiwa mojawapo, zilihamwa. Kwa hesabu ya siku 28, mgonjwa aliyepaswa kuchukua vidonge vyake tarehe 27 Januari aliingia katika safu ya waliokatiza tarehe 24 Februari. Mwandishi wa ripoti hakukosea hesabu. Aliandika kwa usahihi jambo ambalo neno lake halikuweza kulieleza.

PEPFAR ilikuwa imelikubali neno interruption karibu na mwaka 2020, mahali pa lile la kupotea, kwa hoja yenye mantiki: mkatizo una mwisho, na aliyekatiza anaweza kurudi kesho. Kipimo nacho kilikuwa kimeshushwa kutoka siku 90 hadi 28 ili mgonjwa atafutwe mapema. Sababu ya haraka hiyo ni ya kibiolojia. Virusi vya UKIMWI vilivyofubazwa hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache dawa zikisimama. Miaka ya 2000 wapo watafiti waliofikiri kwamba mapumziko yaliyopangwa yangempunguzia mgonjwa madhara ya dawa. Jaribio la SMART, lililoandikisha watu 5,472 katika nchi 33, lilisimamishwa mapema Januari 2006 kwa sababu waliopumzishwa dawa walifariki au kupata magonjwa nyemelezi mara mbili na zaidi kuliko walioendelea. Mwaka huohuo jaribio la DART, lililofanywa Uganda na Zimbabwe, nalo liliachana na mapumziko hayo. Tangu hapo hakuna mkatizo unaoshauriwa. Dolutegraviri, iliyomo katika kidonge kinachotumika sasa Kongo, humvumilia mgonjwa zaidi kuliko dawa za zamani, kwa kuwa kirusi hupata shida kujenga usugu dhidi yake.

Kwa kifua kikuu hatari iko upande mwingine. Vimelea vinavyokufa haraka hufa wiki za mwanzo, ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu mapema. Vinavyobaki ni vile vilivyolala, ambavyo rifampisini huviua polepole vinapoamka. Dawa ikisimama mwezi wa tatu, vilivyolala huamka bila mlinzi. Dawa ikija na kuondoka, vimelea sugu ndivyo huchaguliwa kuishi. Mkatizo wa mtu mmoja katika nyumba ya mbao yenye chumba kimoja hatimaye hupumuliwa na wote walalao humo.

Njia moja ya kuupunguza ni kuongeza urefu wa kamba. Kwa dawa za UKIMWI, mgonjwa aliyetulia hupewa vidonge vya miezi 3 au 6 kwa mara moja, na Kinshasa kuanzia mwaka 2010 vilianzishwa vituo vya jamii vya kugawa dawa, vinavyoendeshwa na watu wanaoishi na virusi wenyewe. Mchuuzi wa Petite Barrière mwenye chupa ya miezi 6 nyumbani hukutana na kliniki mara 2 kwa mwaka, na mpaka ukifungwa wiki 3 hapati habari yake. Kifua kikuu hakijapata ukarimu huo kwa kiasi hicho, kwa kuwa mazoea ya kumezea mbele ya muuguzi bado yana nguvu.

Kwenye kadi ya kifua kikuu kuna sehemu ya anayerudi, nayo pia ilibadilishwa jina mwaka 2013: aliyekuwa akiitwa mgonjwa wa tiba baada ya abandon sasa ni wa tiba baada ya kupotea machoni. Zamani aliyerudi aliongezewa sindano za streptomisini kwa miezi 2 katika mpango wa tiba wa miezi 8, na wengi walizikimbia sindano hizo kwa maumivu na kwa hatari ya kupoteza usikivu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mpango huo uachwe mwaka 2017. Siku hizi anayerudi hutoa makohozi, na mashine ya GeneXpert huonyesha katika saa 2 hivi kama vimelea vyake vimekuwa sugu kwa rifampisini. Visipokuwa sugu, huanza upya miezi 6 kwa vidonge vilevile vya karatasi ya 28. Vikiwa sugu, yapo matibabu ya vidonge vitupu, na tangu mwaka 2022 upo mpango unaoweza kumalizika kwa miezi 6. Hufunguliwa kadi mpya yenye visanduku vitupu, na mahali pa kukaa huulizwa tena.